Mikono ya Injini ya Ndege na Nafasi Yake

Mtu asimamaye katika mashamba ya Ganako asubuhi, ukungu ukiwa ungali umelala juu ya msitu wa Ngorongoro, mara nyingi husikia mvumo wa ndege kabla hajaiona. Kisha ndege yenyewe hutokea, ndogo kama kipanga, nayo hushuka kwenda katika kiwanja cha Manyara, kilicho juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Watoto wakiitazama huwaza mabawa yake, na propela yake inayozunguka hata isionekane. Ni wachache wanaowaza habari za waya mwembamba, usiozidi unene wa kalamu, utokao mbele ya kiti cha rubani kwenda kwenye injini. Walakini waya huo ukigota mahali, mabawa na propela havina faida kubwa tena.

Somo hili ni la waya huo na wenziwe. Na kwa kuwa ni shida kuona vitu hivi katika ndege iliyokwisha kufunikwa, tutamfuata mtu anayeunda ndege kwa mikono yake mwenyewe, maana yeye hana budi kuvitazama vyote kimoja kimoja.

Kwanza tujue mikono yenyewe. Katika ndege ndogo nyingi zenye injini ya petroli, rubani ana mikono mitatu ya kuitawala injini. Wa kwanza ni mkono wa mwendo. Akiusukuma mbele, kilango kilicho ndani ya kabureta hufunguka, hewa na petroli huingia kwa wingi, na injini hunguruma kwa nguvu. Akiuvuta nyuma, kilango hujifunga, na injini hutulia. Wa pili ni mkono wa mchanganyiko, nao mara nyingi hupakwa rangi nyekundu, kwa sababu kazi yake ni ya hatari: hupunguza petroli inayochanganywa na hewa, tena ukivutwa mpaka mwisho hukata petroli yote, na injini huzimika. Wa tatu ni mkono wa hewa ya moto. Huo hufungua mlango mdogo, ili kabureta ivute hewa iliyopashwa moto kandokando ya bomba la moshi badala ya kuvuta hewa baridi ya nje.

Mtu wa pwani aweza kudhani ya kuwa mikono miwili ya mwisho si ya lazima sana. Mtu wa Karatu hawezi kudhani hivyo. Karatu i juu ya bahari kadiri ya meta 1500, na ukingo wa Ngorongoro hupita meta 2200. Kadiri tunavyopanda, hewa huwa nyepesi. Chukua debe la hewa ya Tanga na debe la hewa ya Karatu: madebe ni sawa, lakini hewa ya Karatu ina upungufu wa uzito kadiri ya sehemu 14 katika kila 100, na ile ya ukingoni kadiri ya sehemu 20. Basi, kilo moja ya petroli yataka kilo 15 hivi za hewa ili iungue yote. Ikiwa hewa imepungua, na petroli yaingia vile vile kama ilivyoingia pwani, injini hushiba petroli kupita kiasi, hutoa moshi mweusi, na nguvu zake hupungua. Ndiyo sababu rubani wa nchi ya juu huuvuta kidogo mkono mwekundu, akisikiliza injini mpaka ingurume vizuri.

Na mkono wa hewa ya moto je? Tazama ukungu wa msituni. Petroli inapogeuka kuwa mvuke ndani ya kabureta, huipoza hewa sana, kama vile spiriti ipozavyo ngozi ya mkono daktari anapoipaka kabla ya kuchoma sindano. Baridi hiyo yaweza kushusha joto la hewa kwa nyuzi 20 au zaidi. Kwa hiyo hata siku ambayo nje si ya baridi kali, unyevu wa ukunguni waweza kuganda kuwa barafu ndani ya kabureta na kuziba koo lake. Injini hupungua sauti pole pole, kama mtu anayezibwa pumzi. Dawa yake ni ule mlango wa hewa ya moto, lakini ufunguke wote. Ukifunguka nusu, hewa yaingia vuguvugu, na barafu yaweza kubaki palepale.

Sasa tuje kwa muundaji. Desturi ya watu kujiundia ndege ni ya zamani kama ndege zenyewe. Orville na Wilbur Wright wa Marekani, walioruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903, walikuwa mafundi wa baiskeli, na ndege yao waliiunda wenyewe. Injini yao haikuwa na mkono wa mwendo kama huu wa leo; ilikwenda kwa nguvu zake zote au ilizimwa. Kwa hiyo shida tunayoisoma hapa wao hawakuijua, ingawa walizijua nyingine nyingi. Katika mwaka 1933 Mfaransa mmoja, Henri Mignet, aliunda ndege ndogo sana, akaandika kitabu kuwafundisha watu jinsi ya kuitengeneza nyumbani. Wengi wa Ufaransa na Uingereza wakaiunda. Lakini baadhi yao walikufa, kwa sababu ndege ikishaelekea chini haikukubali kuinuka tena. Mwaka 1936 wataalamu waliitia katika bomba kubwa la upepo huko Farnborough, Uingereza, wakaona sababu. Bawa la mbele lilikuwa la kuinamishwa na kuinuliwa ili kuiongoza ndege, na nafasi kati ya bawa hilo na la nyuma ilikuwa nyembamba mno. Rubani alipovuta usukani ili ainue pua, upepo uliopenya katika ile nafasi ulilitia bawa la nyuma nguvu ya kuinuka, na pua haikuinuka. Mbao zilikuwa nzima, na nguo ya mabawa nzima. Kilichokosekana ni nafasi.

Siku hizi watu wengi wa Marekani, Ulaya na Afrika ya Kusini hujiundia ndege, mara nyingi kwa vipande vinavyouzwa vikiwa vimekatwa tayari. Sheria za nchi nyingi huwataka waonyeshe kazi yao kwa mkaguzi kabla ya kuruka, nasi katika Tanzania hatuwezi kurusha ndege bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Vipande vya mabawa huja vikiwa vimepimwa. Injini pia huja ikiwa imekamilika. Lakini mahali injini na ndege vinapokutana, hapo ndipo muundaji huachiwa akili zake mwenyewe, maana mmoja amechagua kabureta ya namna hii, na mwingine ya namna ile.

Basi tuseme kwamba yuko fundi wa matrekta pale Ganako, mtu mzima aliyezoea injini tangu ujana wake, naye anaunda ndege ya viti viwili katika banda lake, akisaidiwa na mpwa wake. Injini imekwisha kufungwa. Mbele ya kiti upo ukuta wa chuma chembamba wa kuzuia moto. Mbele ya ukuta huo kuna kiunzi cha mirija ya chuma iliyopishana kama miguu ya kitanda, na injini imeshikwa na kiunzi hicho kwa vipande vinne vya mpira mnene. Kabureta iko chini ya tumbo la injini. Ubavuni mwake umetoka mkono mfupi wa chuma, urefu wa sentimita 6, na waya wa mwendo umefungwa katika ncha ya mkono huo.

Kijana amekaa kitini. Asukuma kirungu cha mwendo.

"Mjomba, umefika mwisho," asema.

"Umefika mwisho wake, au umefika mwisho wako?" auliza fundi, akiinama chini ya injini na taa.

Swali hilo ndilo kiini cha somo lote. Kila kabureta ina vikomo viwili vya chuma: kimoja huuzuia mkono wake usijifunge kupita kiasi, na cha pili huuzuia usifunguke kupita kiasi. Mkono ukigusa kikomo cha pili, ndipo kilango kimefunguka chote. Kirungu cha rubani nacho kina mwisho wake. Yapasa mkono wa kabureta ufike kikomoni kwanza, kabla kirungu hakijafika mwisho wake, na kirungu kibakiwe na nafasi ndogo, kama milimita 2 au 3, mbele na vile vile nyuma. Nafasi hiyo ndiyo ushahidi kwamba rubani amepata nguvu zote za injini yake. Kirungu kikigota chenyewe kwanza, rubani hana njia ya kujua kama nyuma ya ukuta kilango kimefunguka chote au robo tatu tu.

Fundi ainuka. "Mwisho wako haukufika, wala wake haukufika," asema. "Mkono umegota kwenye mrija wa kiunzi. Kikomo bado kiko mbali, kama upana wa kidole."

Kijana asema ya kuwa upana wa kidole ni kitu kidogo. Fundi hamjibu upesi. Amwuliza ndege itaondoka katika kiwanja gani siku ya kwanza. Kijana asema, Manyara. Ukingo wa bonde uko wapi? Karibu. Na hewa ya hapo ni nzito au nyepesi? Nyepesi. Basi injini imekwisha kunyang'anywa sehemu ya nguvu zake na hewa. Je, na mrija nao uinyang'anye?

Mpwa wake ananyamaza.

Kugota ni jambo la kwanza, nalo huonekana kwa macho. Liko la pili linalojificha. Injini haikufungwa kama jiwe katika ukuta. Imekaa juu ya mpira, ili mtikiso wake usiivunje ndege. Inapowashwa, na zaidi inapozimwa, hujitupa huku na huku kama punda anayekataa mzigo. Tena kwa miaka mipira huchoka, na injini hushuka chini kidogo kidogo. Kwa hiyo mkono unaopita karibu na mrija kwa nafasi ya milimita 3, injini ikiwa imelala, waweza kuugonga injini iamkapo. Kwa sababu hii mafundi hutaka nafasi ya sentimita 1, na penye nafasi 2, baina ya kila kitu kilichofungwa kwenye injini na kila kitu kilichofungwa kwenye ndege yenyewe. Vitu viwili ambavyo vyote vimefungwa kwenye injini hutikisika pamoja, navyo vyaweza kukaribiana zaidi.

Ukilishika neno hilo, utaelewa jambo jingine. Waya wa mwendo hupita ndani ya ala, kama waya wa breki ya baiskeli. Tofauti yake ni kwamba wa baiskeli huvuta tu, na wa ndege ni mgumu, huvuta na kusukuma. Ncha ya ala ifungwe wapi? Mwanafunzi asiyefikiri ataifunga kwenye ukuta wa moto, kwa kuwa ndipo ipitapo. Basi injini ikitikisika mbele, kabureta huenda mbele pamoja nayo, lakini ala imebaki nyuma. Waya huvutwa bila rubani kugusa kitu, na mwendo wa injini hubadilika wenyewe. Dawa ni kuifunga ncha ya ala kwenye kipande cha chuma kilichoshikwa na injini, karibu na kabureta. Hapo kabureta na ala hutikisika pamoja, na waya hauoni tofauti. Kati ya ukuta na injini ala huachwa ipinde kwa ulegevu, isikazwe kama uzi wa zeze.

Turudi kwa mkono uliogota. Njia za kuuponya ni kadha wa kadha, na mbaya ni nyepesi kuliko njema. Njia mbaya ya kwanza ni kuchukua tupa na kuupunguza mrija mahali unapoguswa. Mrija huo ndio ubebao injini nzima. Ukikwaruzwa, ufa huanzia pale pale. Ya pili ni kuupiga mkono wa kabureta nyundo ili upinde. Chuma kilichopigwa kikiwa baridi huweza kuficha ufa usioonekana, nao mkono hukatika siku nyingine, mbali na nyumbani.

Fundi wetu apima kwanza. Achukua udongo laini wa mfinyanzi, aupakaze kwenye mrija unene wa vidole viwili, kisha amwambia kijana asogeze kirungu taratibu. Mkono waingia katika udongo na kuacha alama. Hapo aweza kupima kwa rula jinsi mkono unavyoukaribia mrija, na upande gani, hata mahali ambapo jicho halifiki. (Mafundi wa Ulaya hutumia nta au udongo wa kuchezea watoto, wa Ganako ni mzuri vile vile.)

Kisha atazama jinsi mkono ulivyoshikwa na kijiti cha kabureta. Katika kabureta nyingine kijiti hicho kimechongwa meno madogo pande zote, na mkono waweza kuvuliwa na kurudishwa umegeuka jino moja au mawili. Kilango cha ndani hakibadiliki; ni njia ya mkono tu inayohama, ikapita juu ya mrija badala ya kuugonga. Hiyo ndiyo dawa nyepesi kuliko zote, nayo hujaribiwa kwanza.

Ikiwa haitoshi, mkono hufupishwa, yaani waya hufungwa katika tundu la ndani zaidi, au mkono mwingine mfupi huagizwa. Lakini hapa hesabu huingia, wala haiepukiki. Tuseme mkono huzunguka nyuzi 60 toka kikomo hata kikomo. Chukua bikari, chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 6, kisha chora mistari miwili toka katikati, yenye pembe ya nyuzi 60 kati yake. Unga ncha zake. Utaona pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Kwa hiyo umbali toka ncha hata ncha ni sentimita 6. Basi waya wapaswa kwenda sentimita 6. Lakini kirungu cha rubani chaenda sentimita 5.5 tu! Hata kama mrija usingalikuwapo, mkono usingalifika kikomoni. Sasa fanya vivyo hivyo kwa tundu lililo sentimita 5 toka katikati. Waya wapaswa kwenda sentimita 5, kirungu chaenda 5.5, yabaki nusu sentimita. Ukiigawa mbele na nyuma, ni milimita 2 na nusu kila upande. Mkono mfupi umeponya shida mbili kwa mara moja. Hata hivyo kila jambo lina bei yake. Mkono ukiwa mfupi, kirungu huwa kizito kidogo mkononi, na msogeo mdogo wa rubani huleta badiliko kubwa la injini. Mkono ukifupishwa kupita kiasi, rubani hawezi kuurekebisha mwendo kwa upole.

Huenda waya ukaja upande usiofaa, ukasukuma pale unapotakiwa kuvuta. Hapo hutiwa mkono wa kati, kipande cha chuma chenye mhimili katikati, kama ubao wa watoto wa kupanda na kushuka: upande huu ukienda mbele, ule huenda nyuma. Katika mkono wa kati kuna mtego mmoja. Simama, pinda goti, mwambie mwenzako akusukume begani chini: goti hupinda zaidi. Sasa nyoosha mguu kabisa, naye akusukume tena: mguu husimama kama nguzo. Chuma ni vivyo hivyo. Fito na mkono wake vikija kuwa katika mstari mmoja ulionyooka, msukumo hauvigeuzi tena. Hujifunga, au huvuka upande wa pili na kukataa kurudi. Kwa hiyo muundaji huhakikisha kwamba hata mwisho wa mwendo bado kuna pembe nzuri baina yake.

Mambo ya moto yasisahauliwe. Bomba la moshi hupita karibu na kabureta, nalo huwa jekundu kwa joto. Ala ya waya ina mafuta ndani na mara nyingi ngozi ya plastiki nje. Ikigusa bomba huyeyuka, na waya hukwama. Isogezwe mbali, na mahali isipowezekana, bati hutiwa katikati kuikinga joto. Na tundu la ukuta wa moto linalopitisha waya huzibwa kwa kitu kisichoungua, kwani tundu dogo hupitisha ulimi wa moto mrefu.

Viungo vyenyewe navyo vina desturi zake. Bolti hutiwa kichwa chake kikiwa juu, ili hata nati ikianguka, bolti ibaki mahali pake kwa uzito wake. Nati hutiwa pini yenye ncha mbili za kukunjwa, isifunguke kwa mtikiso. Penye kiungo cha gololi hutiwa washa pana nje yake, ili gololi ikilika na kuchopoka, fito isianguke. Katika ndege nyingi mkono wa mwendo hutiwa na springi ya kuuvuta upande wa nguvu zote, si upande wa kuzima. Mtu aweza kustaajabu: waya ukikatika, injini ivume kwa nguvu zote? Ndiyo. Rubani aliye juu ya msitu wa Ngorongoro heri awe na nguvu nyingi kuliko kukosa kabisa. Atafika juu ya kiwanja, kisha ataizima injini kwa mkono mwekundu na kutua.

Kazi ikiisha, fundi na mpwa wake hukagua upya, na ukaguzi huu ni mrefu kuliko kazi. Huzima umeme wa injini, hutia vigingi magurudumuni, na hakuna aruhusiwaye kuigusa propela. Mmoja hukaa kitini, mwingine husimama mbele, nao huitikiana. "Mwendo, wote!" "Umefika. Nafasi mkononi?" "Milimita mbili." Kisha mchanganyiko, kisha hewa ya moto, mpaka mlango wake uonekane umefunguka wote, tena umejifunga wote. Ukibaki wazi kidogo, injini huvuta hewa ya moto wakati wa kuondoka, na hewa ya moto ni nyepesi kama ya mlimani. Halafu fundi huishika injini na kuisukuma juu na chini kwa mikono yake, huku kijana akisogeza virungu. Baada ya hayo hutia kifuniko cha injini na kurudia yote tangu mwanzo. Wengi huliacha hili, kwa kuwa wamekwisha kuona kila kitu kikicheza vizuri. Lakini walichokiona ni injini iliyo uchi. Kifuniko nacho ni kitu kigumu, na mkono uliopita salama mbele ya mrija waweza kuugota ukingo wake.

Mwisho, mahali penye shaka hupakwa masizi ya taa. Injini huwashwa, huachwa ingurume chini kwa chini, kisha kwa nguvu, kisha huzimwa. Kifuniko kikiondolewa, masizi husema kweli. Palipofutika pamegusana. Tena baada ya safari za kwanza hutazamwa kama kuna mahali chuma kimeng'aa. Chuma hakijisugui chenyewe.

Iko ndege moja ambayo watu wa Karatu na Ngorongoro hawaisahau. Haikuundwa nyumbani, ilitoka kiwandani Ujerumani, ya namna iitwayo Dornier Do 27, nayo ilipakwa milia myeusi na myeupe kama punda milia. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliirusha kutoka Ulaya mpaka huku, na mwaka 1958 wakaitumia kuhesabu wanyama wa mbuga za Serengeti kutoka hewani. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Tai mkubwa aligongana na bawa la kulia. Ukingo wa mbele wa bawa ulibonyea ndani, ukazibana kamba za waya za kuiongoza ndege zilizopita humo, zikakwama. Ndege iligeuka kulia, ikaelekea chini. Michael alikuwa na umri wa miaka 24. Hapakuwa na kosa la fundi katika jambo hili; kamba zilikuwa na nafasi yake mpaka ndege wa porini alipoiondoa kwa pigo moja. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na nguzo ya mawe imejengwa juu ya kaburi, kando ya njia ipitayo magari ya wageni. Baba yake alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kuwekwa karibu na mwanawe.

MASWALI

1. Kwa nini kirungu cha rubani chapaswa kubakiwa na nafasi ndogo mkono wa kabureta ukiwa umefika kikomoni?

2. Kabureta moja ina mkono wa sentimita 4, nao huzunguka nyuzi 60. Kirungu chaenda sentimita 4.6. Je, nafasi itakayobaki mbele na nyuma ni milimita ngapi kila upande?

3. Eleza kwa nini ncha ya ala ya waya haifungwi kwenye ukuta wa moto.

4. Itazame baiskeli ya nyumbani kwenu. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, huku mwenzako akishika breki. Andika mahali ambapo waya wa breki hukazwa, na mahali ambapo hugusa chuma.